Timazi na Hesabu ya Korja

Siku niliyoagwa shuleni niliombwa niseme maneno machache. Nikasema asanteni, nikaketi. Tangu hapo vijana wawili mliopokea funguo za maabara mnanipigia simu kuuliza hiki kiko wapi na kile hufanywaje, nami huwajibu huku nageuza mandazi. Nimeona heri niandike, ili mandazi yasiungue.

Vyeo sitaviandika, kwa kuwa nilianza mhudumu wa maabara na nikamaliza mhudumu wa maabara. Mshahara nao haukuwa na hadithi. Nitaandika kazi yenyewe, hasa lile jaribio la timazi ambalo kila mwaka wanafunzi hulifanya ili kuitafuta ji, yaani kujua dunia inavivuta vitu kwa nguvu gani. Mnalijua: uzi, kitu kizito mwishoni mwake, saa ya kubonyeza, na rula ya mita. Unaivuta timazi kidogo, unaiachia, unahesabu inavyokwenda na kurudi mara ishirini, unasoma saa. Unabadilisha urefu wa uzi, unarudia. Jibu likitoka tisa nukta nane, au jirani yake wa karibu, umefanya kazi. Hakuna jaribio rahisi kuliko hilo, wala hakuna lililonitoa jasho zaidi.

Niliingia maabara bila kustahili. Wazazi wetu walifariki kwa kufuatana, baba aliyekuwa kibarua wa mashamba ya chumvi, kisha mama. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwapo watatu, na wa mwisho, Zuhura, alikuwa hata meno hayajamtimia. Shangazi, dada wa baba, akatuchukua kwake Kaole. Hakuna aliyenifukuza shule. Siku moja nilibaki nyumbani kwa sababu mtoto ana homa, siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu sikuona haja ya kutafuta sababu.

Shangazi alikuwa na uwanja wa kukaushia samaki, na huko ndiko tulikokulia wote, pamoja na watoto wa majirani waliokuja kusaidia. Tuligeuza samaki juani, tukawafukuza kunguru, na jioni tukawahesabu kwa korja, samaki ishirini ishirini, tukiwatupa kapuni mmoja mmoja. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi. Ndipo nikasikia shule ya sekondari, ile iliyo kati ya Kaole na mjini, inatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Nikaenda na kanga yangu nzuri.

Aliyenipokea ni Mzee Kibwana, mtunza maabara, mtu mwembamba aliyevaa koti jeupe lililokuwa limeacha kuwa jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi kuvunja glasi?"

"Nyumbani, ndiyo."

"Vizuri. Anayesema hajawahi simtaki, maana atavunja hapa halafu afiche."

Kazi yote niliyoijua alinifundisha yeye. Alinionyesha kwamba uzi wa timazi usining'inizwe kwa kufungwa fundo kwenye chuma cha stendi, kwa sababu fundo huteleza na urefu hubadilika. Ubanwe katikati ya kizibo cha chupa kilichopasuliwa vipande viwili. Alinikataza mshipi wa nailoni, kwa kuwa unavutika na kujinyonga, akanituma kwa mafundi cherehani kuomba uzi wa pamba. Alinifundisha kufunga madirisha ya upande wa bahari kabla ya saa tano, upepo haujaamka. Na kuhusu kuivuta timazi alikuwa na maneno yake kwa kila darasa: "Ivute kama unambembeza mtoto kwenye susu. Hii si pembea ya Idi."

Timazi za shaba zilizoletwa na serikali zilikuwa zinapotea. Mwaka mmoja zilibaki tatu. Mzee Kibwana hakuuliza mtu. Alikwenda ufukweni, akatazama mishipi ya wavulana wetu, akazikuta zimening'inia huko zikiwa machubwi, zile risasi za kuzamisha ndoana. Hakuzidai. Alikwenda sokoni akanunua machubwi ya kweli, akayachonga, akayatundika maabara. "Wao wamefanya timazi chubwi," aliniambia, "na sisi tumefanya chubwi timazi. Dunia inavuta yote sawasawa."

Mzee Kibwana alipostaafu, funguo zikabaki kwangu. Walimu wa fizikia walikuja na kuondoka. Mmoja alikaa muda mrefu kidogo kuliko kiti chake kupata joto, mwingine aliogopa umeme. Kisha akaja Mwalimu Lwitiko, kijana wa Tukuyu, mpole wa sauti na mgumu wa kanuni. Alipenda jaribio la timazi kuliko yote, akalifanya kwa namna yake. Aliwakataza wanafunzi kuhesabu kwa sauti. Alisema, na alikuwa na haki, kwamba meza moja ikiwa kwenye kumi na mbili na ya jirani inapiga kelele kumi na tano, wote hupotea. "Hesabuni kimoyomoyo," alisema. Basi maabara ikawa kimya, unasikia stendi tu zikilia kutu.

Wakati huo Zuhura alikuwa kidato cha nne shuleni hapo hapo. Ndugu zetu wawili wa katikati walikwishashika kazi zao, mmoja ujenzi na mwingine ushonaji, na wote hawakupenda vitabu. Zuhura alivipenda. Alitaka kwenda kidato cha tano kusoma sayansi, na bila fizikia mlango huo haufunguki. Mimi sikumwambia kamwe kwamba namngojea afike pale nilipoishia na apite. Lakini nadhani alijua. Nilimpigia pasi sare yake kila Jumapili, hata ilipokuwa haina haja.

Siku ya jaribio la timazi alipata kumi nukta nane. Rafiki zake wawili, wasichana wa Kaole waliokulia uwanja ule ule wa samaki, nao wakapata kumi nukta nane. Darasa lote lililobaki lilikuwa karibu na tisa nukta nane, wengine juu kidogo, wengine chini.

Mwalimu Lwitiko aliweka karatasi zao tatu mezani. "Nielezeni. Kwa nini dunia inawavuta watu wa Kaole kuliko wengine?"

"Ni wazito, mwalimu," akasema mvulana wa nyuma, na darasa likacheka. Kuanzia siku hiyo wakaitwa Wazito.

Aliwarudisha wiki iliyofuata, kila mmoja meza ya peke yake, mmoja mlangoni, mmoja dirishani, mmoja mbele yake. Kumi nukta nane, wote. Sasa akakasirika, kwa namna yake ya kupunguza sauti badala ya kuipandisha. Aliamini wamepika. Kupika, kwa lugha ya maabara, ni kutunga vipimo bila kupima, na alidhani mmoja ametunga na wawili wamenakili. Akawaambia kwamba majina ya watakaofanya mtihani wa fizikia yanafungwa mwisho wa mwezi, na mpishi hatakuwamo.

Mimi nilikuwa nikisikiliza huku nakausha mabomba ya glasi. Mchana huo nilizipitia meza zote tatu. Nilibadilisha uzi, nikapasua vizibo vipya, nikalinganisha saa za kubonyeza na rula. Nilihisi ni upepo, nikaziba hata mwanya wa chini ya mlango. Zuhura akarudia baada ya masomo, jibu likawa lile lile. Nilivyokuwa navijua vyote vilikwisha hapo.

Jioni nilimuuliza, tukiwa jikoni. "Zuhura, mmepika?"

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Dada, jibu linajulikana. Limeandikwa kwenye kitabu. Ningekuwa napika ningepika tisa nukta nane. Nani anapika halafu anapakua kibichi?"

Kesho yake niliyachukua maneno yale kama yalivyo, nikampelekea Mwalimu Lwitiko ofisini.

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo, mwalimu. Akiwa na mbuzi ya nazi."

Akatoa michoro yao mitatu ya vipimo, akaiweka dirishani penye mwanga, akaitazama muda mrefu. Aliniita nisogee. "Dada Hawa, tazama mstari huu. Umenyooka, tena umepita kwenye sifuri. Wakikosea kupima urefu wa uzi, mstari hukataa kupita hapa. Wakibahatisha, nukta hutawanyika. Hizi zimekaa kama shanga. Hili ni kosa lenye adabu. Linarudi kila mara kwa kiasi kile kile." Akaikunja ile michoro. "Mwite."

Zuhura alikuja akiwa ameshika mikono nyuma. Mwalimu akamwambia afanye jaribio kama anavyofanya siku zote, kimya, urefu wa mita moja. Yeye akasimama upande wa pili wa meza, naye akahesabu kimoyomoyo. Mimi nikasimama mlangoni. Zuhura akaivuta timazi kidogo tu, kama anabembeza mtoto, akaiachia na kubonyeza saa kwa pamoja. Vidole vyake havikukosea. Timazi ikaenda na kurudi. Mwishowe akabonyeza tena.

"Kumi na tisa," akasema mwalimu.

"Ishirini, mwalimu."

"Kumi na tisa, Zuhura. Nimehesabu."

"Hata mimi nimehesabu, mwalimu. Samahani, ni ishirini."

Mwalimu Lwitiko akavuta kiti akaketi. "Leo nakuruhusu. Hesabu kwa sauti."

Akaiachia timazi tena. "Bismillahi," akasema. Ikaenda, ikarudi. "Mbili. Tatu. Nne. Tano..."

"Ngoja. Ngoja hapo. Moja iko wapi?"

Zuhura akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Nimeisema, mwalimu."

"Umesema bismillahi. Halafu mbili."

"Ndiyo."

"Na moja?"

"Si ndiyo bismillahi?"

Lazima niwaambie ukweli wa pale. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimesikia kila neno, na masikio yangu hayakuona pengo lolote. Bismillahi, mbili, tatu. Kwetu ndivyo korja inavyohesabiwa. Samaki wa kwanza akitupwa kapuni haitwi moja, huitwa bismillahi, wa pili ndiye mbili. Ukifika ishirini wako ishirini, hapungui hata mmoja. Nilikuwa nimehesabu hivyo tangu usichana wangu. Ingekuwa kwangu mimi kulitafuta kosa lile, hadi leo ningekuwa nabadilisha uzi. Ilibidi aje mtu ambaye kwao hawakuhesabu samaki.

Mwalimu akamwita mmoja wa rafiki zake, kisha mwingine. Bismillahi, mbili. Bismillahi, mbili. Alipomaliza kuwasikiliza aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akafuta macho, akawaambia, "Nimewaita wapishi mbele ya darasa. Kesho nitayarudisha maneno yangu mbele ya darasa hilo hilo." Na aliyarudisha. Wale wawili wakasamehe siku hiyo. Zuhura alichukua wiki.

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Mwalimu alieleza vizuri: unapoiachia timazi bado haijaenda popote, kwa hiyo hapo ni sifuri, na moja ni pale inaporudi. Wote watatu walielewa. Rafiki zake waliacha mara moja. Zuhura alirudia akapata tisa nukta saba, akanionyesha karatasi kama mtu aonyeshaye mtoto mchanga. Wiki iliyofuata, alipolirudia kwa muda wa mtihani, akiwa na haraka, kumi nukta nane ikarudi. Akatulia, akapata vizuri. Akaharakishwa, ikarudi. Ulimi ulikuwa na njia yake, na alipouogopa mtihani, ulikimbilia nyumbani.

"Nitaliacha jina lake orodhani," Mwalimu Lwitiko aliniambia. "Anastahili. Lakini mtihani hautamuuliza moja iko wapi. Utamkata tu."

Nilimshauri aanze na sifuri. Alijaribu. "Sifuri, bismillahi, mbili," akasema, akaangusha mikono. Nilimshauri aache kabisa kusema bismillahi. Akanitazama kwa namna iliyonifanya nione haya kuwa nimelisema.

Jumamosi moja tulikuwa uwanjani kwa Shangazi, tukipanga samaki, na Shangazi akataka kujua kwa nini mtoto amekonda. Nikamweleza, kadiri nilivyoweza kueleza timazi kwa mtu aliyeshika kapu.

"Kwa hiyo mwalimu wenu anasema nimewafundisha hesabu mbovu?"

"Hapana, Shangazi," akasema Zuhura. "Kwa samaki ni sawa. Samaki akianguka kapuni amekwishafika. Ile timazi ukiiachia ndiyo kwanza inaondoka."

"Inaondoka kwenda wapi?"

"Inakwenda halafu inarudi."

Shangazi akatupa samaki kapuni, akamtazama. "Sasa weye, nani alikwambia bismillahi ni moja? Bismillahi ni bismillahi. Yule samaki wa kwanza mimi namba yake naijua, namnyima kwa ulimi tu, ili jicho la mtu lisianze naye. Lakini hicho kidude chenu kama kinaondoka, kiage. Kiambie bismillahi kiende zake. Kikirudi ndipo ukihesabu. Msafiri huagwa akiondoka, akahesabiwa akirudi."

Zuhura aliacha samaki mkononi. Baadaye nilimwona nyuma ya nyumba, amefunga kipande cha mkaa kwenye uzi, ametundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, anakiachia, midomo inacheza, anakikamata, anakiachia tena. Sikumsogelea. Nilikuwa nimekwishamshauri vya kutosha.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo nilipanga meza kama mnavyonijua, vizibo vipya, uzi wa pamba, madirisha ya baharini yamefungwa. Timazi za shaba zilikuwa zimetosha mwaka ule, kwa muujiza. Msimamizi aliyetoka shule nyingine aliuliza kama nina ndugu miongoni mwa watahiniwa. Nikasema ninaye. Akaniambia kwa heshima kwamba nikimaliza kupanga nikae nje, na likihitajika jambo nitaitwa. Nikatoka. Sheria ni sheria, na nyinyi mkiwa na ndugu ndani mtoke bila kununa.

Nje kuna baraza, na dirisha la upande ule lilikuwa na kioo safi, kwa kuwa nilikisafisha mwenyewe. Nilisimama mbali kiasi cha kutosomwa kama mtu anayechungulia. Ndani palikuwa kimya. Mwalimu Lwitiko naye hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa amesimama mwisho wa baraza, akijifanya kusoma ubao wa matangazo usio na tangazo.

Meza ya Zuhura ilitazamana na dirisha. Alipima uzi mara mbili. Alisogeza stendi, akaivuta timazi kidogo, akashika saa kwa mkono wa kulia. Wakati huo msimamizi akapita karibu yake, akasimama hapo hapo nyuma ya bega lake, kama wafanyavyo wasimamizi wote pasipotakiwa. Zuhura akangoja aondoke. Hakuondoka. Akaiachia.

Midomo ikacheza, neno refu. Hilo nililijua hata bila sauti.

Timazi ikaenda upande wa pili, ikasita pale juu, ikaanza kurudi. Sasa moja na mbili zote huanza kwa kufumba midomo, na kwa mtu anayetazama kutoka nje ni kitu kimoja. Midomo ya mdogo wangu ikafumba. Nami nilikuwa nimefumba yangu. Ikifunguka kwa kuviringa, ni moja; ikitanuka, ni mbili, na miaka yote ile imerudi uwanjani kwa Shangazi.

Timazi ikafika mkononi pake. Midomo ikafunguka, ikaviringa.